Kuchanga Bila Kuulizwa

Katika mji wa Bradford, kaskazini mwa Uingereza, ipo klabu ya raga iliyokufa zaidi ya mara moja, na kila mara waliokwenda kuichimbua kaburini ni watu wale wale waliokuwa wakilipa kiingilio. Siandiki habari zake kwa kudhani kwamba ndiyo peke yake iliyoendeshwa ovyo. Naziandika kwa sababu zinaonyesha waziwazi jambo linalonikera siku nyingi: shabiki huitwa mwenye klabu siku ya kuchanga, na huwa mteja tu siku anapouliza fedha zimekwenda wapi.

Kwanza mchezo wenyewe, maana wengi wetu tukisikia raga hufikiria ile ya wachezaji 15. Hii ni ya wachezaji 13, iitwayo raga ya ligi. Ilizaliwa Agosti 1895 katika hoteli moja mjini Huddersfield, pale klabu za kaskazini zilipojitenga na chama cha raga. Ugomvi ulikuwa wa ujira. Wachimba makaa na wafanyakazi wa viwandani waliokosa kazi ya Jumamosi ili wacheze walitaka kufidiwa mshahara wa siku hiyo, na mabwana wa chama, ambao wao hawakuwa na shida ya mshahara, wakakataa. Ni mchezo, basi, uliotokana na kuwagomea wakubwa.

Na Bradford ndivyo ilivyotokea pia. Mwaka 1907 viongozi wa klabu ya raga iliyokuwa ikicheza Park Avenue waliamua kuiacha raga na kugeukia kandanda, wakitumaini mapato manono zaidi. Wapenzi wa raga wakatoka, wakaanzisha klabu yao, Bradford Northern. Kitendo cha viongozi wale kimebaki katika historia ya mji kwa jina la Usaliti Mkuu. Klabu hiyo mpya ikaja kuhamia Odsal, uwanja mkubwa kama bonde, ambao mwaka 1954 uliingiza watu 102,569 katika fainali ya marudiano kati ya Halifax na Warrington. Miaka tisa baadaye, Novemba 1963, katika uwanja huo huo, Northern yenyewe ilichezea mbele ya watazamaji 324. Mwezi uliofuata ikafungwa. Mwaka 1964 wenyeji wakaiunda upya.

Nimerudi nyuma hivyo ili msomaji asidhani kwamba watu hawa ni wageni wa msiba.

Mwaka 1996, ligi ilipohamishiwa kiangazi na kuitwa Super League, Northern ikawa Bradford Bulls, yaani Mafahali. Kwa miaka kumi hivi walitamba. Ubingwa wa 1997, 2001, 2003 na 2005. Fainali tano mfululizo kuanzia 2001. Na mwaka 2003 wakachukua Kombe la Challenge pamoja na ubingwa. Nani angeuliza habari za daftari la mahesabu wakati huo? Ushindi ni pazia zito. Nyuma yake mambo yalikuwa yakiharibika. Mwaka 2004 klabu ilimsajili Iestyn Harris kutoka raga ya Wales, Leeds wakadai kwamba alikuwa ameahidi kurudi kwao, na kesi ikaburuzwa hadi 2008 Bradford walipokubali kumalizana nao nje ya mahakama. Mchezaji ni mmoja, lakini bili ya uamuzi ule iliwafikia watu ambao hawakuwamo chumbani ulipofanywa.

Januari 2012 klabu iliuza haki yake ya kupanga Odsal kwa chama cha raga. Mtu anapouza paa la nyumba yake, jirani mwenye akili hujua kwamba ndani hakuna unga. Machi ikatangazwa kwamba inatakiwa pauni milioni moja, na nusu yake ipatikane kabla ya Ijumaa Kuu, tarehe 6 Aprili. Wakaitika. Bakuli likatembezwa mitaani na viwanjani, hata wafuasi wa timu pinzani wakatia chochote, na hiyo nusu milioni ikatimia. Tarehe 26 Juni klabu ikakabidhiwa kwa wasimamizi wa kampuni zilizoshindwa kulipa madeni.

Hapo ndipo hoja yangu ilipo. Hazikupita hata siku 90! Sisemi kwamba kuna aliyeiba; sina ushahidi huo wala siuhitaji. Nasema kwamba uongozi unaoomba harambee una wajibu wa kumweleza mchangaji ukubwa wa shimo kabla hajatupia humo akiba yake. Mwenye benki huonyeshwa vitabu kabla ya kukopesha. Mstaafu aliyetoa pauni 100 hakupata hisa, hakupata kura, hakupata kiti; alipata shukrani.

Yaliyofuata nayapitia haraka kwa kuwa yanachosha. Mmiliki mpya, kisha wasimamizi tena Januari 2014, na kuteremka daraja mwaka huo huo. Wasimamizi tena Novemba 2016. Tarehe 3 Januari 2017 kampuni ikafilisiwa kabisa, ikaundwa nyingine, na timu ikaanza msimu ikiwa na pointi 12 chini ya sifuri. Kuanzia 2020 ilichezea Dewsbury, kwa watu wengine, hadi iliporejea Odsal mwaka 2021.

Wapo watakaoniambia kwamba mashabiki nao ndio wapigao kelele wasajiliwe nyota wa bei mbaya, na kwamba ukiwapa usukani watalipeleka gari mtoni. Jibu lipo Sydney. South Sydney, klabu ya mwaka 1908, ilitupwa nje ya ligi ya Australia mwishoni mwa 1999. Ilikuwa klabu ya wanachama. Waliandamana kwa maelfu, wakaenda mahakamani, wakarudi uwanjani mwaka 2002. Je, walicheza vizuri? La hasha! Walishika mkia 2003, 2004 na 2006. Kura ya mwanachama haifungi magoli. Lakini Machi 2006, wakati mwigizaji Russell Crowe na mwenzake Peter Holmes à Court walipotaka kununua asilimia 75 ya klabu, iliwapasa kwenda mbele ya wanachama na kuomba ridhaa ya robo tatu yao. Walipata asilimia 75.8, ushindi wa kubanana mlangoni. Mzee aliyekataa alikataa kwa kura, akahesabiwa. Ubingwa ulikuja mwaka 2014, ila hata usingekuja, wale walikuwa wameulizwa.

Bradford hawakuulizwa, ingawa klabu yao ilianzishwa na waliosalitiwa. Oktoba 2025 ilitangazwa kwamba Mafahali watarejea Super League kwa msimu wa 2026, baada ya miaka 11 nje, na watu wa Odsal walishangilia, kama ilivyokuwa haki yao. Mimi niliisoma habari ile hadi mwisho nikitafuta mstari mmoja tu: ni lini na wapi mahesabu ya klabu yatasomwa mbele ya wanunuzi wa tiketi za msimu. Sikuuona.