Rosa Alisoma Nini?

Riwaya ya Euphrase Kezilahabi, Rosa Mistika (1971), ilipigwa marufuku katika shule za Tanzania kwa ajili ya uwazi wake juu ya mapenzi. Tangu hapo hubishaniwa kosa ni la nani: la Zakaria, baba mlevi aliyempiga bintiye kwa barua ya mvulana, au la Rosa mwenyewe. Wanafunzi wetu nao huanzia hapo. Kwa maoni yetu, liko swali linalotangulia: Rosa alisoma nini?

Msomaji apekue kurasa. Atamwona Rosa bwenini na dansini. Darasani atamwona kwa nadra. Huko Morogoro, mkuu wa chuo cha ualimu, mtu aliyekabidhiwa elimu yake, ndiye anayemfanya hawara. Hapa jicho la mwandishi ni kali. Msichana amefunguliwa mlango wa shule, lakini ndani anathaminiwa kwa mwili wake. Haitoshi basi kuhesabu majina ya wasichana katika daftari la mahudhurio na kuiita hesabu hiyo usawa.

Hata hivyo tunayo lawama. Rosa anatoka chuoni akiwa mwalimu, lakini mchumba wake Charles anapomkataa kwa kuwa si bikira, ualimu huo haumfai kitu, anajiua. Zakaria alaumiwe, na mkuu wa chuo zaidi. Lakini sisi, tuliokisoma kitabu hiki mara kadhaa, hatukumbuki wazo hata moja ambalo mwandishi alimwacha Rosa alipate katika masomo yake.