Pini ya 2 Iko Wapi?

Kitale kuna kijana anayechora bodi, na Bungoma kuna dada anayemkagulia. Saa mbili usiku simu inapigwa. Kijana ana mchoro kwenye kompyuta, dada ana jedwali la mtengenezaji na penseli.

Bodi yenyewe ni ya kupima unyevu ghalani, maana mahindi yakizidi unyevu wa asilimia 13.5 huweza kuota ukungu. Ubongo wake ni Compute Module 4 ya Raspberry Pi, iliyotoka Oktoba 2020: kompyuta nzima ya milimita 55 kwa 40, inayobanwa juu ya bodi kwa soketi mbili za pini mia mia. Pini na jirani yake zimeachana milimita 0.4, na ncha ya mita ikiteleza kidogo tu imegusa mbili.

Bodi ya kwanza haikuwaka. Kijana alipima pini ya 1, sawa. Ya 100, sawa. Akaridhika. Dada akauliza, "Ya 2 iko wapi?"

Kwenye moduli, ya 2 inatazamana na ya 1: witiri upande huu, shufwa upande ule. Alama aliyoichukua kijana kwenye maktaba ya programu ilishuka 1 hadi 50 upande mmoja, kisha 51 hadi 100 upande wa pili. Hesabu mwenyewe: ya kwanza na ya mwisho zinaangukia mahali pake, na zile 98 za kati zote zimekalia viti vya wenzao. Sijawahi kuona kosa lenye adabu ya mlangoni kiasi hicho.

Dada hakugusa waya hata mmoja. Alitaka alama irekebishwe kule maktabani, la sivyo bodi ijayo ingezaliwa na ugonjwa uleule.

Kisha majina, na hapa ndipo ninapomvulia kofia. TX ni kutuma, RX ni kupokea, lakini nani anatuma? Mjomba wako ni baba wa mtu. Pini ya 55 ya moduli inatuma, basi upande wa modemu iliyo kwenye bodi, njia hiyohiyo inapokea. Ukiunga TX kwa TX kwa kuwa majina yanafanana, umewaweka wawili wanaosema bila msikilizaji. Ila kuna modemu, kama baadhi ya zile za u-blox, zinazoita TXD pini inayopokea, zikifuata jina la upande wa kompyuta. Kwa hiyo dada haanzi na jina. Anasoma safu inayosema data inaingia au inatoka, kisha anaibatiza njia upya: MODULI_KWENDA_MODEMU. Refu, lakini halina mjomba.

Halafu wanaanza. "Hamsini na moja?" "Inaingia." "Hamsini na tano?" "Inatoka." Penseli inatia alama. Kijana akiruka moja kwa usingizi, dada ananyamaza mpaka airudie.

Walipofika mia, kijana akashusha pumzi.

"Soketi ya pili," dada akasema. "Mia na moja?"