Dadu, Dhahabu na Daraja la Mtu

Mwaka 1974 Wamarekani wawili, Gary Gygax na Dave Arneson, walitoa mchezo uitwao Dungeons & Dragons. Huchezwa mezani kwa maneno, karatasi na dadu. Kila mchezaji ana mtu wake wa hadithi, askari au mtu wa dini au mchawi; msimamizi huwaeleza hatari za njiani, nao husema watakalotenda. Husafiri kama kundi moja. Twataka kuyapima masharti ya mchezo huo, maana yanagusa swali linalotuhusu sisi watu wa Maniema: mtu hukua kwa nini?

Tuanze na bahati. Nguvu, akili na busara ya mtu huyo zilipatikana kwa kutupa dadu tatu. Dadu hizo zaweza kuanguka kwa njia 216. Katika hizo, 54 huleta 10 au 11, na moja tu huleta 18. Ndivyo tunavyozaliwa: wengi wa kadiri, wachache wa ajabu. Vitani hutumiwa dadu ya pande ishirini. Hodari aweza kukosa na mnyonge aweza kupata. Hapo hatuoni kosa. Mitume wenyewe walipiga kura, ikamwangukia Mathia. Katekisimu ya mwaka 1992 haihukumu michezo ya bahati yenyewe, ila pale inapomnyima mtu riziki yake au ya wenzake. Na katika mchezo huu hakuna haja ya kuweka fedha.

Kosa tunaliona katika kukua. Kwa masharti ya 1974, askari alihitaji alama 2,000 apande daraja la pili, na kwa kawaida kipande kimoja cha dhahabu kilihesabiwa alama moja. Aliyeleta mfuko mzito alihesabiwa kuwa amekua. Sisi tunawajua wachimbaji wa Kampene na Namoya. Kijana hushuka shimoni, bahati yamwangukia siku moja. Je, jioni ile amerudi nyumbani mtu mzima kuliko jana? Mara ngapi dhahabu imekwisha kwa pombe, na mtoto amerudishwa shuleni kwa kukosa karo!

Wazee Warega wa Pangi walikuwa na hesabu nyingine. Bwami yao ina madaraja matano ya wanaume, toka kongabulumbu mpaka kindi. Serikali ya wakoloni iliipiga marufuku mwaka 1948. Hatusemi kwamba kila jambo lake lapatana na imani yetu. Lakini tazameni: huko nako mali yahitajika, ila mtu hupanda kwa kuigawa, si kwa kuilimbikiza. Hapandi pasipo jamaa wa kumtegemeza, wala pasipo wazee wa kumfundisha kwa mithali, ngoma na sanamu ndogo za mti na pembe. Mgomvi hana sifa kwao.

Toleo la mchezo la mwaka 2000 liliacha kanuni ya dhahabu, likatoa alama kwa hatari zilizoshindwa. Ni sahihisho jema. Mtakatifu Thoma wa Akwino alifundisha kwamba roho iliyochoka yahitaji mchezo kama mwili unavyohitaji pumziko. Basi vijana na wacheze. Ila dadu ikiisha kuanguka, kila mmoja ajiulize: nilichokipata leo, nimemgawia nani?