Kigawo, Kigawe na Namba Tasa: Uhakiki wa Istilahi Tatu kwa Kuzingatia Mwanafunzi wa Kisii na Nyamira

1. Utangulizi

Istilahi za hisabati kwa kawaida huhukumiwa mezani, mbele ya kamusi na orodha za maneno. Huulizwa kama neno ni fupi, kama lina asili ya Kibantu, na kama linapatana na sarufi. Ni mara chache kuulizwa neno hilo linamfanya mtoto afikiri nini anapolisikia kwa mara ya kwanza. Makala haya yanakusudia kuzipima kwa swali hilo istilahi tatu, yaani kigawo, kigawe na namba tasa. Mwanafunzi anayezingatiwa ni yule wa Kisii na Nyamira, kaunti mbili za magharibi mwa Kenya ambako lugha ya nyumbani ya walio wengi ni Ekegusii.

Uchaguzi wa mahali hapo una sababu. Katika shule za msingi za serikali za Tanzania Bara, istilahi hizi zimetumiwa darasani kwa muda mrefu, kwa kuwa Kiswahili ndicho lugha ya kufundishia huko, na mazoea yameziba kasoro zake. Nchini Kenya mambo ni tofauti. Ripoti ya Gachathi ya mwaka 1976 ilipendekeza lugha ya eneo la shule itumike katika madarasa matatu ya kwanza, kisha Kiingereza kishike nafasi yake. Mtaala wa umilisi, ulioanza kutekelezwa nchini kote mwaka 2019, haukuondoka katika msimamo huo. Kwa hiyo mtoto wa Nyamira hukutana na vigawo na vigawe baada ya lugha yake kuondolewa katika somo la hesabu, na Kiswahili hakijapewa nafasi hiyo. Mwalimu akiamua kumfafanulia kwa Kiswahili, istilahi humfikia mtoto zikiwa ngeni kabisa. Masikio ya namna hiyo ndiyo yanayofaa kuzijaribu.

2. Umbo la kigawo na kigawe

Kwa upande wa sarufi, kigawo na kigawe ni maneno yaliyoundwa kwa ustadi. Yote mawili yanatokana na kitenzi gawa. Kiambishi tamati -o huunda jina la kifaa au njia ya kutendea: kizibo ni cha kuzibia, kifuniko ni cha kufunikia, kipimo ni cha kupimia. Kiambishi -e huunda jina la kilichotendwa: kiumbe ni kilichoumbwa, mteule ni aliyeteuliwa, mtume ni aliyetumwa. Basi kigawo ni namba inayogawa, na kigawe ni namba inayogawiwa. Katika 3 na 12, 3 ni kigawo cha 12, na 12 ni kigawe cha 3. Irabu moja tu inapobadilika, uhusiano wote hugeuka. Ni vigumu kupata lugha inayoonyesha kwa ufupi kuliko huo kwamba mambo haya mawili ni jambo moja linalotazamwa kutoka pande mbili.

Imewahi kufikiriwa kwamba ufupi huo ni hatari, kwa kuwa mtoto atachanganya -o na -e. Hoja hiyo haina uzito mkubwa kwa mtoto wa Kisii. Ekegusii ina irabu saba, mbili zaidi ya Kiswahili, na msemaji wake amezoea tangu utotoni kutofautisha maneno kwa tofauti za irabu zilizo ndogo kuliko hiyo. Akichanganya kigawo na kigawe, kosa halitoki sikioni. Latoka katika maana, na huko ndiko uhakiki unakopaswa kuelekezwa.

3. Namba inayotazamwa upande mmoja

Kasoro ya kwanza ni kwamba istilahi zote mbili zimejengwa juu ya kugawa peke yake. Jina la Kilatini lililoenea katika lugha za Ulaya kwa kigawo lina maana ya mtendaji au mfanyaji, yaani namba inayoshiriki kuifanya namba nyingine kwa kuzidisha. Kiswahili kimeutazama uhusiano huohuo kutoka upande wa pili: kigawo si kijenzi cha namba bali ni kisu chake. Mtazamo huo si kosa, ila una gharama. Vigawe vya 3 ni 3, 6, 9, 12 na kuendelea bila kikomo, na mtoto huvipata kwa kuzidisha. Neno analopewa, hata hivyo, linamwambia kugawa, na kugawa katika maisha ya kila siku ni kupunguza. Si ajabu basi mtoto aliyeombwa vigawe vya 12 akaandika 1, 2, 3, 4, 6 na 12. Amelitii neno.

Katika Kisii na Nyamira uzito wa neno hilo ni mkubwa zaidi. Hizi ni miongoni mwa sehemu za mashambani zenye watu wengi zaidi kwa eneo nchini Kenya, na shamba la babu limegawiwa wana, kisha wajukuu, hadi vipande vingine vikabaki vya chai kidogo, migomba na nyumba. Mtoto wa huko hahitaji kuelezwa maana ya kugawa. Amesikia likizungumzwa usiku, na pengine kwa ugomvi. Kwake kila mgawo huacha kitu kidogo kuliko kilichokuwapo.

Hapo ndipo mwalimu hushawishika kutumia shamba kuwa mfano, na mfano huo humponyoka. Shamba la ekari 7 laweza kugawiwa wana wawili, kila mmoja akapata ekari tatu na nusu, bila baki yoyote. Ardhi hukubali kila namba. Ng'ombe 7 hawakubali: wana wawili watachukua watatu watatu, na mmoja atabaki zizini akisubiri shauri la wazee. Nadharia ya vigawo ni ya vitu visivyokatika. Kigawo cha kihisabati hugawa sawasawa bila baki, na sharti hilo, ambalo ndilo roho ya somo, halimo katika neno gawa. Yampasa mwalimu alitamke kila mara, na achague mifano ya vitu vizima: ng'ombe, miche ya chai, vizibo vya soda.

4. Utasa wa namba tasa

Istilahi ya tatu inahitaji uangalifu zaidi. Eukleides, aliyeandika kwa Kigiriki yapata mwaka 300 kabla ya Kristo, aliiita namba ya aina hii kwa neno lenye maana ya "ya kwanza", na akaifafanua kuwa namba inayopimwa na moja pekee. Kilatini kilifuata maana hiyo, na Kiarabu pia, ambacho huiita namba ya awali. Kiswahili kilichukua kutoka Kiarabu maneno shufwa na witiri, lakini hapa hakikufuata. Kilichagua tasa, neno la mnyama au mwanamke asiyezaa.

Mantiki ya uchaguzi huo inaeleweka. Mradi namba zinatazamwa kwa upande wa kugawa, basi 7, isiyotoa sehemu sawa ila kwa 1 na 7 yenyewe, yaonekana haina uzao. Tasa ni mwana halali wa gawa. Lakini sitiari hiyo yapotosha kwa njia tatu.

Kwanza, yamfanya mtoto aifikirie 1 kuwa tasa kuliko zote, kwa kuwa haina kigawo kingine chochote. Hisabati yaiweka 1 nje ya kundi hilo, kwa kuwa namba tasa ni yenye vigawo viwili tofauti, si pungufu wala zaidi.

Pili, yapindua ukweli wa namba zenyewe. Kila namba nzima kubwa kuliko 1 ama ni tasa, ama ni zao la namba tasa, na hupatikana hivyo kwa njia moja tu ukiacha mpangilio. 60 ni 2 × 2 × 3 × 5, na hakuna namba tasa nyingine zitakazoizaa. Zinazoitwa tasa ndizo wazazi wa namba zote. Ukweli huo waonekana wazi zaidi katika chekeche ya Eratosthenes. Mwanafunzi huandika namba 1 hadi 100, huiweka 1 kando, kisha huacha 2 na kufuta vigawe vyake vingine vyote. Hufanya vivyo hivyo kwa 3, 5 na 7. Zinazosalia ni 25, nazo ndizo namba tasa. Zilizofutwa ni 74, na zote zimefutwa kwa kuwa ni vigawe vya 2, 3, 5 au 7. Itakuwaje mtoto akiuliza: mwalimu, hizi namba nne zimezaa 74 mbele ya macho yetu, zimekuwaje tasa? Swali hilo ni zuri kuliko fasili ya kitabuni, na istilahi haina jibu lake.

Tatu, neno lenyewe si jepesi. Wanaanthropolojia walioandika juu ya Abagusii katikati ya karne ya 20, akiwamo Philip Mayer na baadaye Robert na Barbara LeVine, walieleza jinsi mali ilivyohesabiwa kwa nyumba ya kila mke, na jinsi urithi ulivyopita kwa wana wa nyumba hiyo. Nyumba isiyo na mwana ilikuwa hatarini kukosa mrithi, na desturi iliruhusu mwanamke wa nyumba hiyo kuoa mke ili nyumba isife. Katika jamii yenye kumbukumbu kama hiyo, neno tasa likiandikwa ubaoni huenda likamgusa mtoto ambaye shangazi yake huitwa hivyo kwa dharau. Mwandishi wa istilahi hakukusudia tusi, lakini darasani neno huingia na yote liliyoyabeba.

5. Msaada ulioachwa nje ya darasa

Yafaa pia kuangalia kile ambacho mtoto alikuwa nacho kabla ya somo. Katika Ekegusii 7 ni isano na ibere, tano na mbili. 8 ni isano na isato, tano na tatu. Jina lenyewe limeikata namba vipande. Mtoto akiambiwa kwamba 7 haigawiki, anayo haki ya kushangaa, kwa kuwa kila siku anapoitaja anaigawa. Lakini lugha hiyohiyo huiita 20 emerongo ebere, makumi mawili. Hapa hakuna "na". Kuna kundi na idadi ya makundi, yaani kuzidisha. Tofauti kati ya kujumlisha sehemu zisizo sawa na kurudia sehemu zilizo sawa, ambayo ndiyo kiini cha vigawo, imo tayari kinywani mwa mtoto. Neno la Kiswahili ishirini halionyeshi jambo hilo. Mwalimu anayekatazwa Ekegusii darasani anakatazwa mfano bora alio nao.

Kiswahili nacho kimewekwa mahali pa ajabu. Katika somo la Kiswahili, mwanafunzi wa Kenya hukaririshwa akisami: sudusi, subui, thumuni, tusui, ushuri. Maneno hayo huulizwa katika majaribio, kisha hayatumiki katika hesabu hata moja. Kigawo na kigawe, ambayo yangemsaidia kufikiri, hayamo katika orodha yake. Katiba ya mwaka 2010 imekifanya Kiswahili lugha ya taifa na mojawapo ya lugha mbili rasmi, lakini katika hisabati kimeachiwa mapambo, kazi ikapewa lugha nyingine.

6. Hitimisho

Haipendekezwi hapa kwamba tasa ifutwe. Istilahi iliyokwisha kukaa vitabuni na vichwani mwa watu haiondolewi kwa makala, na jina jipya huenda likaleta kasoro mpya. Kinachopendekezwa ni kwamba istilahi hizi zifundishwe kwa pande zote mbili za namba. Kila inaposemwa 3 inaigawa 12 bila baki, isemwe papo hapo kwamba 3 ikizidishwa mara nne inaizaa 12. Miche 12 ya chai ipangwe safu 3, kisha safu 2, kisha 4; miche 13 ipangwe, na darasa lione kwamba hukubali safu moja tu. Na siku ya kutaja namba tasa, mwalimu aeleze waziwazi kwamba jina hili limesema nusu ya ukweli: namba hizi hazikuzaliwa na namba nyingine kwa kuzidisha, bali namba nyingine zote zimezaliwa nazo.

Mwanafunzi akifika hapo atakuwa ameelewa hisabati, na zaidi ya hayo atakuwa ameihakiki lugha. Mtoto wa Kisii, aliyelelewa akisikia kwamba kila mgawo hupunguza, atakuwa amejua pia kwamba zipo hesabu ambamo kisichogawika ndicho mwanzo wa vingine vyote.