Shirika na Ushirikina

Kamusi hueleza ushirikina kuwa ni kuamini uchawi na mizimu. Si uwongo, lakini twaona maelezo hayo yamekatwa mzizi. Mzizi ni wa Kiarabu, sh-r-k, maana yake kuwa na fungu pamoja na mwenzako. Humo twapata shiriki, ushirika, na shirika, ndilo jina la jumuiya zetu za Kikristo huku Kivu. Humo humo mna mushrik, yaani ampaye Mungu mshirika. Basi kosa la mshirikina si ujinga tu: amegawa fungu la Mungu. Ashirikiye Meza ya Bwana hapa Uvira Jumapili, na Jumatatu akafunga hirizi, ana mashirika mawili. Mtakatifu Paulo aliwakataza Wakorinto jambo hilo hilo. Na achague moja.