Migongo Isiyo na Matuta

Wanafunzi wetu hapa Mbarara wakiulizwa chimbuko la sanaa dhahania ya kijiometri, humtaja Kazimir Malevich na mraba mweusi aliouonyesha Petrograd mwaka 1915, kisha Piet Mondrian. Jibu hilo si kosa, ila ni nusu.

Katika makazi ya Nakivale, yaliyowapokea wakimbizi wa Kinyarwanda tangu mwishoni mwa miaka ya 1950, nilionyeshwa ubao wa imigongo. Huu ni ufundi wa wanawake wa Gisaka, mashariki mwa Rwanda. Masimulizi huuhusisha na mwana wa mfalme aitwaye Kakira, muda mrefu kabla ya Malevich. Samadi ya ng'ombe huchanganywa na majivu, hufinyangwa matuta ukutani, kisha hupakwa rangi nyeusi, nyeupe na nyekundu. Msemaji wa Kiswahili hahitaji kamusi: imigongo ni migongo. Ajabu ni kwamba kazi hii tunaiita "mapambo", na ile ya Petrograd "sanaa".

Hata hivyo, sitausifu ubao ule kwa huruma. Pembetatu zilipangwa kwa ustadi, lakini zilichorwa bapa kwa rangi ya dukani. Bila tuta hakuna kivuli, na kivuli ndicho kinachoubadilisha mchoro kutoka asubuhi hadi jioni. Nilimweleza mwenye kazi hivyo.

"Mwalimu," akanijibu, "hapa ng'ombe nitamtoa wapi?"

Niliununua. Umetundikwa ofisini, mkabala na dirisha.