Mulima wenye kusema: «Pungulume» ya Sammy Baloji

Kuna picha za kutazama, na kuna picha za kusikiliza. Video «Pungulume», iliyotolewa mwaka 2016 na Sammy Baloji, muzaliwa wa Lubumbashi, ni ya namna hii ya pili.

Fungurume ni muji wa machimbo katikati ya Likasi na Kolwezi. Tangu mwaka 2009 kompani ya Tenke Fungurume inatoa pale shaba na kobalti. Kwanza wakubwa wake walikuwa Waamerika, kisha, tangu mwisho wa 2016, Wachina. Katika video hiyo, sultani Mpala wa Wasanga anaketi pamoja na wazee wake, nao wanasimulia historia ya kabila. Nasi tunaona mulima ukikatwa na mashini.

Nguvu ya kazi hii iko pale: maneno na picha vinashindana. Kwa watu wasioandika vitabu, mulima ni kitabu. Juu yake wanasoma mipaka, makaburi, na njia waliyofuata wankambo. Mulima ukiondoka, historia inabaki bila shahidi. Muzee anataja jina, na kitu chenyewe kinakwisha kuwa mavumbi.

Tukumbuke kazi yake ya zamani, «Mémoire», ya mwaka 2006. Baloji alitwaa picha za wakati wa ukoloni, akawaweka wafanyakazi wa siku zile mbele ya viwanda vya Gécamines vilivyobomoka. Wafu wale walirudi na sura walizopigwa na Wazungu, lakini walinyamaza. Katika «Pungulume» wenye inchi wanasema kwa kinywa chao. Hayo ni maendeleo makubwa.

Lakini tuseme neno la kukosoa. Sauti inayotawala ni ya wenye inchi. Muji wa leo ni pia wa wale waliofika kutoka mbali kutafuta kazi. Hao nao wanavuta mavumbi yale yale, lakini wankambo wao hawakuzikwa pale. Historia ya sultani peke yake haitoshi kueleza maisha yao.

Video hiyo ilionyeshwa Bruxelles mwaka ule ule wa 2016. Mutu wa kule anaweza kusifu picha na kwenda zake. Kwetu hapana. Kila katekista anajua milima ya upande wake. Aulize wazee majina yake, ayaandike, mbele mashini hazijafika.